Ovadraivu nyepesi ya besi ipimwe kwa sauti inayobaki

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya gazeti lako iliyowashauri wapiga gitaa la besi namna ya kuchagua pedali ya ovadraivu, yaani kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachotia mkwaruzo katika sauti, na ninakushukuru kwa kuipa nafasi mada ambayo kwa kawaida huzungumzwa na wanamuziki wenyewe kwa wenyewe nyuma ya jukwaa, wakati waya zinakunjwa. Hata hivyo, yamo mambo matatu katika makala hiyo ambayo siwezi kuyanyamazia. Imemshauri msomaji achukue pedali yoyote ya gitaa la solo ilimradi imvutie anapoijaribu peke yake. Imeupima ubora wa pedali kwa ukali wa mkwaruzo wake. Na imetoa ushauri kuhusu umeme ambao unaweza kumharibia mtu chombo chake. Nimepiga besi katika bendi kwa zaidi ya miaka 20, na nilichojifunza katika miaka hiyo ni kwamba pedali ya ovadraivu nyepesi huchaguliwa kwa kile inachokiacha salama katika sauti ya besi, kabla hata ya kuuliza inaongeza nini.

Kwanza nilifafanue neno lenyewe, kwa sababu makala ilichanganya ovadraivu nyepesi na distosheni (mkwaruzo mkali) iliyopunguzwa, na hivyo ni vitu viwili. Ovadraivu nyepesi ni ile hali ambayo saketi, yaani njia ya umeme ndani ya kifaa, imepewa mawimbi makubwa kidogo kuliko uwezo wake wa kuyapitisha yakiwa kamili, hivyo vilele vya mawimbi hubonyezwa na kulainishwa badala ya kukatwa kama kwa kisu. Uzi ukiguswa kwa upole, noti hupita safi; ukipigwa kwa nguvu, noti huanza na mkwaruzo mfupi, kisha hutulia na kurudi katika usafi wake kadiri inavyofifia. Tabia hiyo haikubuniwa na mtengenezaji wa pedali. Ilizaliwa ndani ya amplifaya za valvu, yaani zile zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo, tangu siku zile ambapo gitaa la besi la umeme aina ya Fender Precision, lililotoka mwaka 1951, lilianza kupanda jukwaani pamoja na ngoma na ala zilizokuwa na sauti kubwa kulizidi. Mpigaji aliongeza sauti ili asikike, na valvu zikazidiwa. Hata amplifaya ya Ampeg SVT ya mwaka 1969, iliyopewa wati 300 ili ihimili majukwaa makubwa, inapokazwa hutoa mnguruma mnene, wenye joto, ambao watengenezaji wa pedali wanajaribu kuuiga hadi leo.

Kuna wasomaji watakaouliza kwa nini besi, ambayo kazi yake ni kushikilia wimbo kwa chini, ihitaji mkwaruzo wowote. Swali hilo ni la haki na ninalipenda, kwa sababu jibu lake linahusu namna sikio la binadamu linavyofanya kazi. Uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, yaani E, hutetemeka takribani mara 41.2 kwa sekunde, nao uzi wa B katika besi ya nyuzi tano hutetemeka takribani mara 30.9. Spika ndogo ya redio, ya simu au ya televisheni haina uwezo wa kutoa sauti hizo kwa kiwango chochote cha maana. Lakini noti ya E haiji peke yake. Hufuatana na hamoniki zake, yaani sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo, za hezi (mitetemo kwa sekunde) 82.4, 123.6, 164.8 na kuendelea juu, na sikio likizipata hizo za juu zikiwa zimepangika vizuri, ubongo huijaza ile ya chini ambayo haikusikika. Ndiyo sababu tunaitambua noti ya besi hata katika spika ambayo haiwezi kuitoa. Ovadraivu nyepesi huzinenepesha hamoniki hizo, kwa hiyo noti hupata sura inayoonekana katikati ya gitaa, kinanda na matoazi bila mpigaji kuongeza sauti. Saketi inayobonyeza pande zote mbili za wimbi kwa usawa huongeza hamoniki witiri, za mara tatu, tano na kuendelea ya noti. Inayobonyeza upande mmoja kuliko mwingine huongeza pia zile shufwa, za mara mbili, nne na kuendelea, ikiwemo oktavu ya noti yenyewe, na kwa masikio yangu hiyo ya pili huikaa besi vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye ushauri wa kuchukua pedali yoyote ya gitaa la solo. Niliufuata ushauri wa namna hiyo nilipokuwa kijana. Nilinunua pedali iliyosifiwa sana na wapiga solo, nikaifanyia mazoezi chumbani kwa wiki nzima nikiwa na amplifaya ndogo, na sauti ilinifurahisha mno: ilikuwa na utamu wa katikati, ilinata kwenye vidole, kila noti ikisikika kama inaimba. Siku ya onyesho niliikanyaga katika wimbo wa pili. Mpiga dramu akageuka kunitazama, akanionyesha kwa mkono kwamba waya wangu umechomoka. Haukuwa umechomoka. Nilikuwa ninapiga kwa nguvu zangu zote, na baadaye niliposikiliza rekodi ya onyesho hilo, nilisikia jinsi wimbo ulivyopoteza sakafu yake mara tu nilipoikanyaga pedali, ukaipata tena nilipoizima. Kilichobaki cha besi yangu kilikuwa sauti kama ya gitaa la kati lililojificha nyuma ya gitaa la mwenzangu.

Sababu ya jambo hilo imo ndani ya saketi, wala si siri. Mfano unaojulikana zaidi ni mpangilio wa Tube Screamer ya Ibanez, pedali iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo saketi yake imeigwa na watengenezaji wasiohesabika. Katika hatua yake ya kukuza mawimbi, kapasita na rezista (vipande vidogo vinavyoongoza umeme) zimechaguliwa ili ukuzaji wa nguvu uanzie karibu hezi 720; sauti zilizo chini ya hapo hukuzwa kwa kiwango kinachozidi kupungua kadiri unavyoshuka, hadi zile za chini kabisa hupita karibu kama zilivyoingia. Kwa gitaa la solo huo ni uamuzi wa busara kabisa, maana sauti za chini za gitaa zikikwaruzwa huvimba na kuchafuka, na zaidi ya hayo gitaa halitakiwi kukanyaga eneo la besi. Tatizo ni kwamba eneo lisilotakiwa kukanyagwa ndilo letu. Ukilinganisha sauti ya pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, sehemu ya katikati imepanda sana, na ukipunguza sauti ya jumla ili zilingane, chini inazama.

Simaanishi kwamba pedali za gitaa zimekatazwa kwa besi. Blues Driver ya Boss, iliyotoka mwaka 1995 kwa ajili ya wapiga gitaa, ina wapiga besi wengi wanaoipenda, kwa kuwa inaacha sehemu kubwa zaidi ya sauti za chini na inaitikia mkono wa mpigaji. Kwa upande mwingine, neno besi likiandikwa juu ya kasha si hati ya dhamana. Ziko pedali za besi zilizotengenezwa kwa ajili ya mkwaruzo mkali, na hata ukiishusha gaini, yaani kiwango cha kukuza mawimbi, hadi karibu na sifuri hazina ile hatua ya kati ambako noti inaanza tu kukunja uso. Aliyetafuta wepesi akanunua hizo hajapunjwa na mtu. Amenunua chombo cha kazi nyingine. Kwa hiyo msomaji asitishwe wala asivutwe na jina. Aguse uzi wa chini, asikilize.

Kitu ambacho makala haikukitaja hata kwa sentensi moja, nacho ndicho ningekianza mimi, ni kitufe cha blendi. Ni kitufe cha kuzungusha kinachochanganya sauti safi ya besi na ile iliyopita kwenye ovadraivu, ili chini ibaki imara huku mkwaruzo ukikaa juu yake. Wazo hilo ni la zamani kuliko pedali zenye kitufe hicho. John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alikuwa akizigawa sauti za besi yake, za chini zikienda kwenye amplifaya moja na za juu kwenye nyingine, na baadhi ya magitaa ya besi ya Rickenbacker yalikuwa na tundu la Rick-O-Sound lililoruhusu pikapu mbili, yaani vile vipande vyenye sumaku vinavyopokea mtetemo wa nyuzi, zitoke kwa njia mbili tofauti. Watu hao walihitaji amplifaya mbili na mgongo wa kuzibeba. Tech 21 ya Marekani ilipotoa SansAmp Bass Driver DI mwaka 1992 ikiwa na kitufe cha blendi, jambo hilo likaingia katika kasha linalotosha kiganjani, na leo watengenezaji wengi, wakiwemo Darkglass wa Helsinki, Finland, hukichukulia kitufe hicho kuwa cha lazima katika pedali za besi.

Lakini nacho kina mitego yake, na hapa naomba nivumiliwe, kwa kuwa nimewaona wapigaji wazuri wakinaswa. Mtego wa kwanza ni wa mawimbi kugongana. Saketi nyingine hugeuza mawimbi juu chini zinapoyakuza. Yakichanganywa na yale safi bila kurekebishwa, vilele vya upande mmoja hukutana na mabonde ya upande mwingine, na sehemu ya sauti hufutika. Pedali iliyobuniwa vizuri imelishughulikia hilo ndani, ila mtu anayeunganisha kisanduku cha kuchanganya cha kampuni moja na ovadraivu ya kampuni nyingine anaweza kulikuta. Dalili yake ni rahisi kuitambua: unazungusha blendi kutoka sauti safi kuelekea mkwaruzo, na ukifika katikati besi inakonda kuliko ilivyokuwa pande zote mbili. Mtego wa pili ni mgumu kuuona kwa sababu hauharibu kitu waziwazi. Blendi huweza kuficha udhaifu wa ovadraivu mbaya. Unasikia besi safi chini, unasikia nyuki wanavuma juu, na vitu hivyo viwili havikutani; ni kama ala mbili zinazopigwa na watu wawili. Mimi huanza kila jaribio nikiwa nimezungusha blendi yote upande wa mkwaruzo, gaini ikiwa chini, ili nijue sauti hiyo inaweza kusimama yenyewe. Ikisimama, ndipo ninaongeza sauti safi kidogo kidogo. Isiposimama, sihitaji kuendelea.

Kuhusu ndani ya kasha, makala ilitumia aya nzima kueleza aina za dayodi, vile vipande vinavyobonyeza wimbi, kana kwamba hizo pekee ndizo zinazoamua kila kitu. Ni kweli zina nafasi. Dayodi ya silikoni huanza kupitisha umeme karibu volti 0.6 hadi 0.7, ya jerimaniamu karibu 0.3, na zile ndogo zinazotoa mwanga mwekundu karibu 1.7 au zaidi. Kwa hiyo saketi yenye dayodi za mwanga huruhusu wimbi likue zaidi kabla ya kulibonyeza, na hilo mara nyingi huifaa besi kwa sababu mapigo yake ya mwanzo ni makubwa. Lakini dayodi zilezile zikiwekwa katika saketi inayokata chini kabla ya kufika kwake hazitakurudishia chini hiyo. Mpangilio mzima ndio unaosema, na mpigaji hana haja ya kufungua skrubu ili kuujua.

Anachohitaji ni namna nzuri ya kujaribu, na kwa maoni yangu hapo ndipo makala ilipomwacha msomaji njiani. Jambo la kwanza ni kusawazisha sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halizisikii sauti za chini na za kati kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hupungua kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Kwa mpiga besi, maana yake ni kwamba pedali ikiongeza sauti hata kidogo tu itaonekana kuwa na chini nene zaidi, ilhali haina. Ina kelele zaidi. Basi zungusha kitufe cha sauti hadi uweze kuikanyaga na kuiachia bila sauti ya jumla kupanda wala kushuka, na ukiweza mwombe mtu mwingine aikanyage wewe ukiwa umeipa mgongo. Nimewahi kuziacha pedali mbili nilizokuwa tayari kuzilipia baada ya jaribio hilo pekee.

Jambo la pili ni mkono. Ovadraivu nyepesi ambayo haijali kama umegusa au umepiga ina kasoro, hata kama sauti yake ni nzuri. Piga noti moja katika uzi wa E mara tano, kila mara ukiongeza nguvu. Mkwaruzo uzaliwe mahali fulani kati ya pigo la tatu na la nne, na uzaliwe taratibu. Kisha iache noti ndefu ife yenyewe. Sikiliza mwisho wake kuliko mwanzo, kwa kuwa pedali dhaifu hujisaliti mwishoni: noti hukatika ghafla, au mkwaruzo hugeuka kuwa mtatariko mkavu kama wa karatasi inayochanwa. Rudia kwa vidole, kisha kwa piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) kama unaitumia, kisha kwa kidole gumba. Halafu piga noti mbili kwa pamoja, moja ya chini na nyingine iliyo juu kidogo ya oktavu yake. Mkwaruzo wowote huzaa sauti za ziada kutokana na jumla na tofauti za noti hizo, na katika eneo la chini sauti za ziada huwa tope. Ovadraivu nyepesi inayofaa itakuchafulia kidogo, ila noti zote mbili zitaendelea kutambulika.

Jambo la tatu, ambalo ningelitanguliza kama lingekuwa rahisi kulifanya, ni kuijaribu pamoja na dramu na angalau gitaa moja. Ukiwa peke yako, sauti iliyokosa chini huonekana safi na yenye nidhamu, na sauti yenye mkwaruzo kiasi huonekana kuwa imezidi. Ndani ya bendi mambo hugeuka. Matoazi na magitaa hufunika sehemu kubwa ya mkwaruzo, na kile ulichodhani ni kingi husikika kama besi safi iliyonona. Kwa sababu hiyo gaini ninayoiweka kwenye mazoezi ya bendi huwa juu kidogo ya ile ambayo ningeiweka nyumbani, nayo sauti ya chini huwa sijaiongeza, maana ukiiongeza ukiwa peke yako utakuja kugombana na ngoma kubwa ya miguu. Gitaa la besi lenyewe nalo liwe lako, likiwa na nyuzi zako. Nyuzi mpya zilizozungushiwa waya wa mviringo zina sauti nyingi za juu ambazo pedali itazikwaruza kwa ukali. Nyuzi bapa, au zilizochakaa, huipa pedali hiyohiyo sauti ya mnguruma wa valvu. Besi yenye betri ndani hutoa mawimbi makubwa kuliko isiyo na betri, hivyo huanza kukwaruza mapema, na isiyo na betri huhitaji pedali yenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, karibu ohmu milioni 1, ili isipoteze mng'ao wake.

Mpangilio wa pedali si suala la kugombania. Tyuna, ya kulinganisha nyuzi, itangulie, ovadraivu ifuate, ikwaliza, ya kurekebisha sauti za chini na za juu, ije baada yake. Kuhusu kompresa, pedali inayopunguza tofauti kati ya mapigo makali na mepesi, wengi huiweka mbele ya ovadraivu, na kwa mkwaruzo mzito nakubaliana nao. Kwa mkwaruzo mwepesi, kompresa ikitangulia husawazisha mapigo yote na kuua ule mwitikio wa mkono ambao ndio tulioulipia. Ikumbukwe pia kwamba ovadraivu yenyewe hubana sauti inapobonyeza vilele, hivyo wapigaji wengine watakuta hawaihitaji kompresa tena.

Kuna jambo la spika ambalo limewafanya watu wengi waitupe pedali isiyo na kosa. Spika za besi za inchi 10 au 12 hupunguza kwa kiasi kikubwa sauti zinazozidi hezi 4,000 hadi 5,000, na upungufu huo ndio unaolainisha mkwaruzo. Twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, ikiwa imefunguliwa yote, au besi ikipelekwa moja kwa moja kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) na kutoka katika spika kubwa za ukumbi, zile sauti za juu ambazo amplifaya ilikuwa inazimeza hutoka zote, na wasikilizaji husikia mchanga ukikaangwa. Mpigaji aliye jukwaani hajui, kwa sababu anasikiliza amplifaya yake. Fundi mitambo naye, akisikia hivyo, huchukua mawimbi kutoka kabla ya pedali ili ajiokoe, na ovadraivu yote inaishia jukwaani. Dawa yake ni kuzungumza naye mapema, kuishusha twita, na kutumia pedali au kisanduku chenye saketi inayoiga spika. Mwanamuziki ambaye maonyesho yake mengi hayana amplifaya ya besi jukwaani angeiweka sifa hiyo mbele ya zote, hata mbele ya blendi.

Ningependa pia makala ingemwambia msomaji kwamba huenda hahitaji kununua chochote. Amplifaya yenye vitufe viwili, cha gaini na cha sauti ya mwisho, mara nyingi ina ovadraivu nyepesi ndani yake: panda gaini hadi taa ya onyo iwake kwenye mapigo makali tu, shusha sauti ya mwisho, kisha sikiliza. Si kila amplifaya hukwaruza kwa uzuri, na za transista nyingine hukata vibaya, lakini jaribio hilo halina gharama na humfundisha mtu ni kiasi gani cha mkwaruzo anachokitaka kabla hajaenda kukitafuta. Aliyejua anachokitafuta hupoteza muda mfupi sana mbele ya pedali 30 zilizopangwa rafuni.

Nimalize na lile suala la umeme, ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Makala ilisema kwamba pedali ya ovadraivu ikipewa volti 18 badala ya 9 hutoa sauti safi na pana zaidi, na ikamshauri msomaji ajaribu. Kauli hiyo ni kweli tu kwa pedali zilizotengenezwa kustahimili volti 18. Katika hizo, chipu inayokuza mawimbi hupata nafasi kubwa zaidi kabla ya kufika ukomo wake, ingawa mahali ambapo dayodi ndizo zinazobonyeza wimbi tofauti huwa ndogo kuliko inavyosifiwa. Lakini pedali nyingi zimetengenezwa kwa volti 9 tu, na ndani yake huweza kuwamo kapasita zenye ukomo wa volti 16 au chipu zisizostahimili umeme wa ziada. Zikipewa 18 zinaweza kuungua papo hapo. Pia adapta nyingi za pedali zina hasi katikati ya kichwa chake na chanya kwa nje, kinyume cha adapta nyingi za vifaa vya nyumbani, na kukosea hapo kunaweza kuleta madhara yaleyale. Kiwango cha volti na alama ya hasi na chanya huchapishwa karibu na tundu la umeme au chini ya kasha, na mtengenezaji huviandika tena katika maelezo ya matumizi. Ninakuomba, Ndugu Mhariri, uchapishe sahihisho la sehemu hiyo katika ukurasa uleule ambao makala ilitokea, na ikiwezekana katika toleo lijalo, kwa sababu yuko msomaji ambaye huenda leo jioni ameshika adapta ya volti 18 mkononi.

Wako,
Mpiga besi na msomaji wako wa miaka mingi